Ramani Iliyohesabu Makaburi

Siku ramani ile ilipowekwa ukutani, watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, ila taratibu, kama mtu anayekung'uta unga wa mhogo viganjani. Ilikuwa ramani ya mkoa wetu wa Mara, nyeupe, yenye nukta nyekundu, na kila nukta ilikuwa mtu aliyekufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Nukta hizo nilizileta mimi. Nilizunguka kwa pikipiki ya mradi, nikala vumbi la Bugwema wakati wa kiangazi na mvua ziliponyesha nikakwama kwenye udongo mweusi wa hukohuko, nikashinda kwenye mabenchi ya ofisi za vijiji nikiwasubiri watendaji waliokwenda mnadani kuuza ng'ombe. Aliyeichora ramani alikuwa dada mmoja kutoka Tanga, mwenye shahada, aliyekuwa na miezi michache tu hapa Musoma. Aliichora akiwa kwenye kiti cha kuzunguka, feni inampepea.

Bosi wetu alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua nyumba yake mpya.

"Hii sasa ndiyo kazi," alisema. "Profesa, umetufumbua macho."

Kuanzia siku hiyo ofisi nzima ikamwita Profesa. Mimi nilikuwa mtu mzima kuliko wote pale ukimtoa bosi, na hakuna aliyewahi kunipa jina lolote. Niliona wivu. Wivu wa kukaa na mtu mezani, ukanywa naye chai, huku unahesabu mara ngapi bosi amelitaja jina lake.

Mimi si mtu wa kubabaishwa, na nasema hivyo bila aibu. Niliondoka Kiriba nikiwa na begi moja la kamba. Baba alikuwa ameshafariki. Dar es Salaam nilibeba zege, nikauza maji stendi, nikajisomesha mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya kumbukumbu za afya. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikafanya kazi miaka mingi kwenye kliniki moja inayowapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, nikawa namjua mtu aliyezidisha kwa kumtazama midomo tu. Nilipoamua kurudi nyumbani nilirudi kwa heshima. Nyumba ya mama kule Kiriba niliiezeka kwa bati la msauzi, rangi ya damu ya mzee, na wavuvi wenyewe wameniambia kwamba wanaiona wakiwa mbali ziwani. Stashahada yangu iko kwenye fremu sebuleni kwangu. Mgeni akija, nampa kiti kinachotazamana nayo.

Mdogo wangu naye alinifuata Dar es Salaam, lakini mji ulimpokea kwa namna nyingine. Aliingia kwenye unga, kama watu wanavyoiita heroini. Alirudi kabla yangu, akafungua gereji ya pikipiki kando ya barabara kuu pale Nyasura, mjini Bunda. Ni fundi kwelikweli. Anaweza kukwambia pikipiki yako inaumwa nini wakati bado hujaizima. Lakini unga ulimfuata mpaka hapo gereji, na katika wale vijana wa kijiwe chake, kila nilipokwenda kumtembelea nilikuta kuna mmoja hayupo. Nikiuliza naambiwa, "Tulishamsindikiza." Sikuuliza wamemsindikiza wapi.

Sasa ile ramani haikuwa pambo. Mradi ulikuwa umepata maboksi machache ya naloksoni, sindano ambayo mtu aliyezidisha heroini akichomwa mapema hurudisha pumzi. Maboksi hayakutosha kila zahanati. Yalipangwa kwenda kule ambako nukta zimejaa, na nukta zilikuwa zimejaa vijiji vya Butiama na vya kwetu Musoma Vijijini. Bunda mjini palikuwa peupe kama shuka la hospitali. Nyasura nzima ilikuwa na nukta moja, imejikalia pembeni.

Niliinua mkono.

"Bosi, Nyasura kuna tatizo. Vijana wanakufa pale."

"Umejuaje?"

"Nina mdogo wangu pale. Nawajua."

"Hiyo ni stori, kaka. Takwimu hizi kazileta nani?"

"Mimi."

"Sasa unazikataa?"

Dada wa Tanga akacheka, kicheko chake kile cha kuweka mkono kifuani. "Kaka mkubwa anawakana watoto wake mchana kweupe!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nilicheka nao. Mtu asiyecheka ofisini anaambiwa ana roho mbaya. Lakini jioni ile nilipita mbele ya ile ramani nikaitazama ile nukta moja ya Nyasura, na nikamwona mdogo wangu amelala nyuma ya gereji, na boksi la dawa liko kijijini ambako hakuna hata anayejua kuifungua chupa yake.

Wiki iliyofuata nilitumwa Butiama kuandaa zahanati mojawapo ya zile zitakazopokea dawa. Nilikuta ofisi ya kijiji imefungwa. Mama aliyekuwa anaanika mtama jirani aliniambia mtendaji yuko msibani, wote wako msibani, nami kama nina shida niende hukohuko. Nikaenda. Kwetu huwezi kupita msiba ukasema una kazi.

Jeneza lilikuwa limeshafika, liko kwenye kivuli cha turubai, na ndugu mmoja alikuwa anasoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti kinachokoroma. Alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akasoma hapa, akaenda kutafuta maisha, akaugua ghafla. Aliposema "ghafla" alikohoa, na watu wakatazama chini. Nilikaa nyuma na wanaume. Pembeni yangu alikuwa amekaa kijana mwenye mafuta meusi kwenye kucha, akanigeukia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Nilimtambua. Alikuwa anafunga spoki kwenye gereji ya mdogo wangu. "Wewe huku umefuata nini?"

"Tumemleta mwenzetu. Yule aliyekuwaga anachomelea pale kwetu, si unamkumbuka? Mwenye miwani ya kamba."

Nilimkumbuka. Mara ya mwisho alinichomelea ekzosi ya pikipiki akakataa hata shukrani.

"Amefia Nyasura?"

"Palepale nyuma ya gereji. Mdogo wako ndiye alimkuta." Akainamisha kichwa. "Yeye hajaja. Amesema hawezi kuona shimo."

Baada ya mazishi mtendaji wa kijiji alinifuata, ameshika kofia mkononi, mtu mchangamfu, mkulima wa pamba na mfugaji.

"Kaka, umekuja wakati mzuri. Huyu naye ni wa zile takwimu zenu za dawa. Nimwandike?"

"Si amefia Bunda?"

"Bunda, ndiyo."

"Sasa utamwandikaje hapa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Huyu ni mtu wetu. Kitovu chake kiko hapa, kaburi lake ndilo hilo. Nikamwandike Bunda? Kwani Bunda wamechimba?"

"Na wale ulionipa mwaka huu?"

"Wote ni wetu. Yule wa kwa mzee wa ng'ombe wengi alifia Mwanza, tukamleta. Yule mwingine Bunda. Yule binti, Bunda pia. Hatuwezi kumwacha mtu wetu ahesabiwe ugenini kama hana kwao."

Wazee waliokuwa karibu wakaitikia, "Haiwezekani." Mmoja akaongeza kwamba mtu akiandikwa ugenini hata mzimu wake unapotea njia, wengine wakamcheka, wakamwambia yeye ni mkatoliki anayesahau.

Nilisimama pale na kila kitu kikanikalia sawa kichwani. Nyasura watu wamepanga vyumba. Wanafanya kazi pale, wanalala pale, wanakufa pale, lakini hakuna anayezikwa pale. Mtendaji wa Nyasura alinipa yule mmoja tu ambaye kwao ni palepale. Wengine wote walikuwa wamepakiwa kwenye pikapu wakarudishwa makwao, na kila kijiji kikawapokea na kuwaandika kwa mapenzi. Ramani ya Profesa ilikuwa imehesabu makaburi.

Mtu ataniuliza, wewe mwenyeji hukuliona hilo ulipokuwa unakusanya? Sikuliona kwa sababu mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo. Baba yangu alifia hospitali ya mbali, na mpaka leo ukiniuliza alifia wapi naweza kukujibu Kiriba nikiwa sijafikiri. Kosa lilikuwa letu sote. Ila ramani ilikuwa ya yule dada, na hilo ndilo lililonifurahisha.

Kweli nilifurahi. Njia yote ya kurudi Musoma nilikuwa natunga hotuba ndani ya kofia ngumu. Mwisho wa mwezi kulikuwa na kikao kikubwa cha wadau, na wageni kutoka wizarani walitarajiwa. Nilijiona nasimama, nafunga kifungo cha koti, nasema, "Samahani mwenyekiti, kuna jambo dogo." Nilimwona Profesa anashusha macho. Nilimwona bosi anauliza huyu bwana alikuwa wapi siku zote. Niliongea mwenyewe kwa sauti mpaka mwendesha bodaboda mmoja akanipita akigeuka kunitazama.

Kisha nikakumbuka kwamba maboksi yanaondoka kabla ya kikao. Gari lilikuwa limeshapangiwa siku. Nikisubiri siku yangu ya kung'ara, dawa itakuwa imeshakaa kwenye kabati la Butiama, na mdogo wangu aliyekataa kuona shimo anaweza kupakiwa kwenye pikapu aletwe Kiriba, na mtendaji wa Kiriba atamwandika kwa mapenzi. Hotuba ikaniishia mdomoni. Nilichukia kwamba imeniishia.

Asubuhi nilimkuta Profesa ofisini, amekaa na chapati na chai ya maziwa.

"Ramani yako ni mbovu," nikamwambia, kabla ya salamu.

"Marahaba," akanijibu. Bado alikuwa na ulimi huo. "Mbovu wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa mdomo uliojaa, sikuficha kwamba mtu asiyejua mila za watu hapaswi kuwachorea ramani. Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimepanga hoja kama tofali. Yeye akaweka chapati chini.

"Subiri. Kwani huku maiti inasafirishwa?"

"Inasafirishwa hata kutoka Songea."

"Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko chini, palepale alipo." Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ya Rabi. Kaka mkubwa, mimi nimechora makaburi!"

Akacheka, akaacha kucheka, akafuta macho. Halafu akauliza swali ambalo mtu mwenye kiburi kama changu asingeuliza: "Sasa niwaulize nini?"

"Uliza alikuwa analala wapi wiki aliyokufa. Usiulize kwao ni wapi. Mtu wa huku ukimuuliza kwao, atakutajia alikozaliwa babu yake."

Aliandika hilo kwenye kiganja chake, akaenda moja kwa moja kwa bosi, akamwambia gari lisitoke. Bosi alifoka, nilimsikia kupitia ukuta. Yeye hakufoka. Baadaye bosi mwenyewe alitoka akaagiza gari lirudishwe uani.

Tukaanza kupiga simu kwa watendaji wote, mimi nusu yangu, yeye nusu yake. Hapo ndipo nilipoumia upya. Watu niliowafuata kwa pikipiki wakanijibu kwa neno moja moja, yeye walimsimulia kila kitu. Kiswahili chake cha Tanga kiliwalegeza. Mtendaji mmoja mkali wa upande wa ziwani, aliyewahi kuniambia niandike barua kwanza, alimwita "binti yangu" akamweleza habari za marehemu, za mjane wa marehemu, na za mkwe wake asiyelipa mahari. Nilikuwa nasikia upande mmoja wa mazungumzo, "Ehee... masikini... enhe, endelea mzee wangu," na kalamu yake inakimbia. Mimi nilikuwa nasubiri mtu anayesema mtandao unakatakata.

Ramani mpya ilipowekwa ukutani siku ya kikao, vijiji vya Butiama vilikuwa vimebaki na nukta za kuhesabika na Bunda ilikuwa imewaka. Nyasura haikuonekana tena kwa wekundu. Wageni walisimama. Profesa alieleza vizuri mno, akaeleza habari ya watu kurudishwa makwao kama aliyezaliwa Mara, na alipomaliza akasema kazi hii ni ya timu yetu nzima. Timu. Nililitafuna neno hilo na biskuti za kikao na vyote havikuwa na ladha.

Lakini maboksi yalikwenda Nyasura. Hilo nililitaka na nililipata.

Simu ilikuja mchana wa siku ya soko, kutoka kwa nesi wa zahanati ile. Alisema njoo, ni mdogo wako, anapumua. Nilifika Bunda nikiwa sijui nimepitaje njia panda ya Makutano. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, amefunikwa kanga ya mtu, anatetemeka na kutokwa jasho, amekasirika kama ng'ombe aliyechanjwa. Dawa ile ikimrudishia mtu pumzi humnyang'anya na ulevi wake wote kwa mkupuo.

"Nani kawaambia mnichome?" alikuwa anamfokea nesi. "Nilikuwa nimelala!"

"Umelala, midomo rangi ya zambarau? Wenzako wamekuleta kwenye toroli kama gunia."

"Kumbe hata toroli ni langu."

"Kaa chini. Huendi popote mpaka nikuone jioni. Sindano hii inaisha mwilini kabla ya unga, unaweza kuzimika tena." Nesi akanigeukia. "Kaka, msaidie kukaa. Na mkamshukuru yule dada wa ramani, maana mwezi uliopita ningekuwa na maji na maombi tu."

Mdogo wangu aliniona. "Na wewe umekuja kuniandika?" akasema, kisha akaanza kulia, na mimi nikamshika bega, nikamfuta jasho kwa pembe ya ile kanga.

Mama alifika ofisini Musoma siku chache baadaye, ametoka Kiriba na kapu kichwani, amevaa kitenge chake cha kanisani. Niliinuka mbio, nikavuta kiti changu.

"Mama, shikamoo, karibu, kaa hapa. Hii ndiyo meza yangu."

"Marahaba. Nitakaa baadaye. Binti wa ramani yuko wapi?"

Nesi alikuwa amemweleza. Akapita meza yangu bila kuiangalia, akaenda mpaka kwa Profesa, akatua kapu, akafunua majani. Alikuwa sato mkubwa, mbichi, wa kupewa mkwe au padri. Mimi nilipomwezekea nyumba nilipikiwa dagaa.

"Mwanangu," mama akasema, "umenirudishia mtoto. Kula."

Yule dada alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, kama wanavyoamkia wanawake wa kwetu. Sijui nani alimfundisha. "Mama yangu, aliyeliona kosa ni huyu kaka. Mimi dawa yote nilikuwa nimeipeleka Butiama. Bila yeye isingefika Nyasura."

"Huyu?"

"Huyu huyu."

Mama akanigeukia taratibu. "Na hukuniambia? Wewe ambaye hata ukinunua ndoo unanipigia simu?"

Watu ofisini walicheka mpaka bosi akachungulia. Nilikuwa nimengoja sifa hizo miezi yote, na zilipokuja zimekuja kwa mkono wa yule yule niliyemwonea wivu, naye kanipa bila kuumia hata kidogo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Ningetamani angalau zimchome. Mama aliniwekea kiganja shavuni, akasema kwa lugha ya nyumbani kwamba nimefanya vizuri, kisha akamuuliza Profesa kama ameolewa. Wakaanza kuongea mambo yao na sato akiwa katikati.

Jumamosi nilikwenda Nyasura. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya tairi, anafungua kabureta.

"Yule dada hajaja?" aliniuliza.

"Nimekuja mimi."

"Nimekuona." Akapuliza vumbi kwenye kabureta. "Alipiga simu. Amesema Mwanza kuna kliniki ya methadoni, nikikubali atanipeleka."

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Basi nitakupeleka mimi. Nimefanya kazi kwenye kliniki kama hiyo, najua taratibu zote, najua maneno ya kuwaambia, hakuna mtu mkoa huu anayezijua kliniki hizo kuliko—"

"Umeona? Utanihubiria njia nzima."

"Sitahubiri."

"Utahubiri, kaka. Yule hahubiri, anauliza tu."

Alikuwa anasema kweli, na niliuona wivu wangu umekaa pale kati yetu kama mteja wa tatu anayesubiri pikipiki yake. Nikamwambia anajua mimi ni mtu wa maneno, hilo siwezi kulitoa kwa sindano, lakini nataka nimpeleke mimi. Nikasema tafadhali. Alinitazama, sidhani kama aliwahi kulisikia neno hilo kwangu.

Alibana bisibisi mdomoni, akaifuta kabureta kwa kitambaa. Kisha tukakubaliana: nitahubiri kutoka Bunda mpaka Lamadi, na kutoka Lamadi mpaka Mwanza ninyamaze.